Barua Zilizokatwa Pembe

Kitendawili! Nimesomewa khitma miji mitano, na chai ya tangawizi naipuliza ipoe.

Jawabu lenyewe lilikuwa limeketi mbele ya Inspekta Roselyn asubuhi ile, dukani, mtaa wa Mkomani, Amu, kisiwani Lamu, katikati ya milango na makasha ya nakshi. Jina lake Shuaib. Mtu mzima wa afya, tumbo limemtangulia, kikombe mkononi. Wiki tatu nyuma barua arubaini zilikuwa zimetoka Amu zikaenda Malindi, Mombasa, Unguja, Mukalla na Sur, kuwaarifu wateja wake kwamba Bwana Shuaib ametangulia mbele ya haki siku ya Ijumaa na shughuli zake hazina mrithi. Wateja ni watu wa dini. Walisoma, wakasikitika, wakamsomea khitma, kisha wakatafuta mtu mwingine wa kuwauzia milango.

"Niliwapigia simu mmoja mmoja," Shuaib alisema. "Unajua yule wa Sur kaniambia nini? 'Mwizi wewe, huoni haya kutumia simu ya marehemu?' Akakata. Nikamtumia picha yangu. Akajibu kwamba marehemu alikuwa mnene zaidi."

Konstebo Kipchumba, aliyesimama mlangoni, alijikohoza ili asicheke.

"Sasa leo umekuja kuniuliza nini tena, Afande? Mtu wangu mnaye. Mpelekeni kwa hakimu, basi."

Mtu huyo ni Ghassan, mchongaji, aliyekuwa mshirika wa Shuaib kwa miaka tisa mpaka walipovunja shirika baada ya Ramadhani. Kumi na mmoja katika wateja walimfuata Ghassan, na Shuaib hakulimeza hilo. Zilipoanza kuja habari za kifo chake, alikwenda kituoni na barua moja mkononi na jina moja mdomoni. Ghassan akatiwa ndani jana saa tisa alasiri. Sheria inampa polisi saa ishirini na nne tu. Kwa hivyo leo, ikifika saa tisa, Ghassan awe mbele ya hakimu kwa kosa la kughushi, au awe njiani kwenda kwake. Na Amu ni mji mdogo. Fundi akishasimama kizimbani kwa kughushi, hata akiachiliwa, nani atampa mlango wa nyumba yake auchonge?

Roselyn alikuwa mtu wa bara, miaka mitano Amu, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenziwe: hakuacha kutazama vitu. Alitoka nje akatazama juu ya mlango. Palikuwa na ubao mpya, rangi haijapata hata vumbi. Picha kubwa ya mzee wa kilemba, na maandishi: DAWUD NA WAJUKUU, WAAMINIFU KWA WATEJA TANGU ENZI ZA MNGEREZA. Begani kwa yule mzee palikuwa na vidole vinne, kimoja kina pete. Mwenye vidole hayupo. Picha imekatwa pale pale kwenye kifundo cha mkono.

"Mkono wa nani ule?"

"Upi?"

"Ulio begani kwa babu yako."

Shuaib alitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limezama humo. "Wa mtu tu. Mpita njia."

"Mpita njia, na anamkumbatia bega?"

"Afande, umekuja kwa sababu ya mkono au kwa sababu ya barua?"

"Kwa sababu ya barua," Roselyn alisema. "Ile uliyonipa, bahasha yake iko wapi?"

"Ilitupwa. Mteja wa Mombasa kaniletea karatasi peke yake."

Roselyn aliandika hayo katika kijitabu chake, akashukuru kwa chai ambayo hakuinywa.

*

Kituoni walikuta bahasha imewasili kutoka Mokowe, gati la ng'ambo mabasi yanakoishia. Mteja wa Malindi alikuwa ameitia kwenye basi, kama alivyoombwa, barua pamoja na bahasha yake. Kipchumba aliilaza mezani kando ya ile ya Shuaib. Wino ule ule wa buluu, mwandiko ule ule wa taratibu, maneno yale yale, na chini yake: Ahli za marehemu.

"Mtu mmoja kaandika zote, Madam. Hapo sihitaji wataalamu wa Nairobi."

"Zipime."

Kipchumba alichukua rula. Ile ya Mombasa, aliyoleta Shuaib, ilikuwa fupi kwa upana wa vidole viwili, na ukingo wake wa juu ulikatwa kwa mkasi ukanyooka. Ile ya Malindi ilikuwa na urefu wake wote, ila pembe ya juu, upande wa kulia, haikuwepo. Bahasha yake pia pembe haikuwepo.

"Panya," Kipchumba alisema.

"Panya wa Malindi ana mkasi?"

Ghassan aliletwa. Kijana mrefu, vidole vina makovu ya tindo, shati limechafuka kwa sakafu. Alipotazama bahasha alicheka, kicheko kisicho na furaha.

"Kwa Bwana Amini, muuza mbao, Malindi," alisoma. "Afande, Bwana Amini nimemzika mimi. Huu mwaka wa nane. Nimeshuka kaburini nikampokea kwa mikono hii. Leo nimwandikie barua?"

"Basi aliyejibu simu yangu huko Malindi ni nani?"

"Mwanawe. Yeye ndiye mteja."

Roselyn alifungua kijitabu. Jana yake alikuwa ameshinda kwenye simu akiwauliza wateja sita bahasha zao ziliandikwa jina gani. "Bwana Hussam, wa Mukalla?"

"Kafa kabla sijazaliwa. Mimi nafanya kazi na mjukuu wake."

Akamsomea majina manne yaliyobaki. Yote manne, marehemu.

"Huyu aliyeandika," Ghassan alisema, "wateja wetu anawajua wakiwa makaburini. Walio hai hamjui hata mmoja."

"Au ni wewe, ukaandika majina ya wafu ili uje unieleze haya unayonieleza."

"Basi mimi mwerevu kuliko sura yangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Afande, mamangu yuko nje tangu alfajiri. Mwambie aende nyumbani akale."

Roselyn alimtazama. Alikuwa amewahoji waongo wengi, na waongo hawana kawaida ya kuulizia mtu mwingine kama amekula.

"Majina ya zamani hivi yangepatikana wapi? Kuna daftari?"

"La Dawud lililiwa na mchwa, Shuaib mwenyewe husema. Lakini Dawud hakuanza peke yake. Alikuwa na mshirika, Obeid. Walikuwa wakipeleka boriti Arabuni, enzi hizo. Wakaachana. Wateja wote wakabaki kwa Dawud, Obeid akamaliza umri wake akishona kofia barazani."

"Wote? Hakuna hata mmoja aliyemfuata Obeid?"

"Hata mmoja. Mimi nimefuatwa na kumi na mmoja, na sina hata ofisi." Ghassan aliinua mabega. "Wazee wakisema Dawud alikuwa na ulimi mtamu. Zaidi ya hapo hatukuambiwa."

*

Saa tano unusu walikuwa posta, mbele ya Philip, karani aliyetoka Kisumu na hamu ya kuzungumza na watu.

"Lakini Konstebo nilishamjibu, Madam. Aliniuliza kama mwanamume mrefu ameleta barua nyingi. Nikasema sijamwona."

"Na kama si mwanamume?"

"Ah!" Uso wa Philip ulifunguka. "Hapo sasa unauliza. Mama mzee, kajifunika buibui mpaka machoni. Stempu arubaini kwa mara moja! Mimi mwezi mzima siuzi kumi. Nilitaka kumpa kiti."

"Alisema nini?"

"Alinitegea kitendawili. 'Nimetuma wana arubaini, wote wana kilema kimoja, na wote watafika.' Nikafikiri, nikafikiri, foleni ikawa ndefu. Nikasema nimeshindwa. Akasema nipe mji. Nikampa Kisumu. Akakataa! 'Kisumu sina mtu,' akasema. 'Nipe Mukalla, na Sur unipe. Hiyo ni yetu.'"

Roselyn aliitoa bahasha ya Malindi akaiweka kwenye kaunta, pembe iliyokatwa ikimwelekea Philip. Karani aliitazama kitambo, kisha akajipiga paji la uso. "Kilema kimoja!"

Nyuma ya Roselyn, Kipchumba alikuwa akizungushazungusha kofia mkononi.

"Sema," Roselyn alisema bila kugeuka.

"Madam, kila nikipita doria pale nyuma ya soko la zamani kuna bibi hunitegea vitendawili. Nikishinda nala visheti. Nikishindwa nampa mji." Alishusha sauti. "Nimeshampa Eldoret mara mbili. Anaitwa Bi Ruqaiya."

*

Kipchumba alibaki kwenye daka, ile sebule ya nje yenye mabaraza mawili ya mawe, maana nyumba haina mwanamume na mgeni mwanamume hapiti hapo. Roselyn alijifunika leso kichwani, akavua viatu, akapiga hodi, akaingia.

Ndani mlikuwa na harufu ya iliki. Bi Ruqaiya alikuwa ameketi kwenye busati akichambua mchele, miaka themanini na miwili, miwani imefungwa kwa uzi. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa na zidaka, vile vishubaka vya chokaa, na ndani ya kimoja, katikati ya sahani za kale, ilikuwepo picha. Wanaume wawili. Mmoja ni Dawud wa kwenye ubao. Wa pili ni mwembamba, anacheka, mkono wake uko begani kwa mwenzake, kidoleni ana pete.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Ndoo hapa, keti. Nilisema ukiya wewe mwenyewe nitafurahi, wale wanaume wako wanajua kubisha tu. Haya. Kitendawili!"

"Tega."

"Mjini wamemlilia, nyumbani anaomba maji ya kunywa."

"Shuaib," Roselyn alisema.

"Wewe umemtaja Shuaib. Mimi namtaja babangu, Obeid." Aliweka ungo kando. "Nivutie hilo kasha."

Lilikuwa kasha dogo lililopigwa misumari ya shaba. Ndani yake mlikuwa na barua zilizogeuka rangi ya chai, zimefungwa kwa utepe, na kila moja haina pembe ya juu ya kulia.

"Hiyo ilikuwa sheria ya duka lao," Bi Ruqaiya alisema. "Barua ya msiba, ikate pembe, ili mwenye kuipokea aketi kitako kabla ya kufungua. Dawud na babangu waliitunga wao wawili, na wateja wao wakaifuata. Soma hiyo ya juu. Imeandikwa Kiswahili, Hussam alikuwa na mama Mswahili wa Siyu."

Roselyn alisoma. Ilikuwa ya mwaka 1953. Bwana Hussam wa Mukalla alikuwa akimpa Dawud pole kwa kufiwa na mshirika wake Obeid. Alikuwa akituma jora la bafta kwa ajili ya mayatima na gunia la kahawa kwa ajili ya khitma. Na kama Dawud alivyoomba, tangu siku hiyo biashara yao itakuwa naye peke yake.

"Babako alikufa mwaka gani, Bi?"

"Sabini na moya. Siku barua hiyo ilipoandikwa alikuwa ameketi hapo ulipoketi, akinifunza kusoma. Yatima ni mimi. Jora sikuliona." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Walivunja shirika kwa amani, wakala pilau, wakasoma Fatiha. Wakakubaliana mteja aende kwa amtakaye. Lakini ufunguo wa sanduku la posta alikuwa nao Dawud. Akaketi akawaandikia wote kwamba mwenzake kafa. Ikawa babangu anangoja, Mukalla haimwandikii, Sur haimwandikii. Mwaka wa pili nahodha mmoja akamwona pwani, akaketi mtangani akaanza kusoma aya."

"Na babako hakuwaandikia?"

"Aliandika, kwani! Wakamjibu Dawud: kuna mwongo huko Amu anatumia yina la marehemu. Mfu akisema yu hai, nani atamwamini?" Alimtazama Roselyn juu ya miwani. "Shuaib naye alipiga simu, siyo? Walimwambiani?"

Yule mwanamke mzee alitabasamu kidogo, tabasamu lililokaa miaka sabini likingoja.

"Kasha hili nililetewa na mke wa Dawud mwenyewe, alipokuwa karibu kukata roho. Nikakaa nalo miaka. Dawud alishakuwa na malaika wake wa kumhoji, na mjukuu sikuwa na neno naye, yote yalipita kabla yeye hajazawa. Mpaka alipotundika ule ubao. Picha ni hiyo hapo. Akamtwaa babangu akamkata kwa mkasi, akauacha mkono. Yule mtu kauawa mara mbili, mwanangu, na mara hii mtana, watu wakipita. Nikasema, vyema. Wateja walioletewa kifo cha babangu, ninao hapa, majina na miji. Nikawajibu."

"Ukawajibu wafu."

"Yina la nyumba halifi. Barua zimefika, hazikufika?"

"Zimefika. Na kijana wa watu kalala sakafuni kituoni kwa ajili ya barua hizo." Roselyn alirudisha barua ya Hussam kwenye kasha. "Ghassan hakukukatia picha, Bi."

Mkono wa Bi Ruqaiya, uliokuwa ukifunga utepe, ulisimama.

"Hilo nitalijibu. Nilisikia jana magharibi. Nikasema nimpe Shuaib usiku moya, na asubuhi moya, nitazame kama atakwenda kumtoa. Maana Shuaib anajua ni mimi."

"Atajuaje?"

"Pembe! Sheria ile leo wanaijua nyumba mbili tu, yake na yangu. Nimeikata makusudi, ajue ni nani anayebisha." Aliinua kitambaa chini ya kasha. Palikuwa na rundo la bahasha mpya, nyeupe, zenye pembe zote nne. "Hizi nimeziandika siku moya na zile. Arubaini. Zinasema Shuaib yu hai, na nimesaini yina langu, binti Obeid, na kisa chote nimekieleza. Angekuya kwenye daka yangu akasema, Bi Ruqaiya, babu yangu alikosa, ningempa zote siku ile ile. Nimengoja wiki tatu."

Roselyn hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa akiona rula ya Kipchumba juu ya meza, na karatasi fupi kwa vidole viwili, na ukingo ulionyoshwa kwa mkasi.

*

Mteja wa Mombasa alijibu simu mara moja. Naam, barua yake ilikuja haina pembe. Alidhani imeraruka njiani. Naam, na bahasha pia, na zote mbili alimpa Shuaib mkononi.

Saa saba na nusu Shuaib aliitwa kwenye daka ya Bi Ruqaiya. Alikuja akijipepea kwa gazeti, akakataa kuketi.

"Mbona hapa, Afande?"

"Barua uliyonipa ilikujia na pembe zote?"

"Zote nne."

Roselyn aliziweka barua mbili kwenye baraza la mawe, fupi na ndefu. "Nimezungumza na Mombasa sasa hivi."

Gazeti liliacha kupepea.

"Ulikata ukingo wote ili pembe isionekane. Ukatupa bahasha. Ulijua ni nani aliyeandika tangu siku ya kwanza, ukaja kwangu ukanipa jina la Ghassan. Kwa nini?"

"Mimi... karatasi ilikuwa imechakaa, nikaisawazisha."

"Wateja kumi na mmoja wamemfuata. Akifungwa kwa kughushi, watarudi kwa nani?"

Shuaib alilikunja gazeti mara mbili. Jasho lilimshuka shavuni. Nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, bangili ziligongana.

"Kipchumba," Roselyn alisema, "nenda kamtoe Ghassan. Mwambie mamake pia."

Konstebo alikwenda mbio. Na hapo ndipo Shuaib alipouliza swali lake la pili tangu afike, na halikuwa la Ghassan.

"Nimesikia... Afande, wateja wangu. Huyu Bi hawezi kuwaandikia tena? Awaambie niko hai?"

"Ameshaandika," sauti ya Bi Ruqaiya ilitoka nyuma ya mlango. "Arubaini. Ninazo hapa."

"Nipe basi, Bi wangu. Nakusihi."

"Inspekta," Bi Ruqaiya alisema, "mimi utaniandika kwa kughushi?"

"Nitakuandika, Bi. Na Bwana Shuaib nitamwandika kwa kumpa polisi taarifa ya uongo. Mtasimama mahakamani pamoja, siku moja."

"Vyema. Andika na miaka yangu, wasiseme nilikuwa mtoto. Lakini kabla hatujakwenda, mpe hii."

Mkono uliojaa hina ulitokeza umeshika barua moja ya rangi ya chai. Shuaib aliipokea kwa ncha za vidole. Aliona tarehe, akaona pembe, akaketi kitako bila kuambiwa.

"Soma."

"Bi, watu wanapita."

"Ndiyo saa yake. Soma."

Alianza kwa sauti ya chini. Kwa Bwana Dawud, tumepata habari za kufariki mshirika wako Obeid, nyumba nzima tumelia. Mwenye punda alisimama. Wanawake wawili waliotoka sokoni wakasimama. Alipofika kwenye jora la bafta la mayatima alitazama juu, na akamwona Ghassan amesimama upande wa pili wa njia pamoja na mamake, shati bado lina vumbi la sakafu. Ghassan alivuka njia. Aliketi kwenye baraza la pili, akamnyooshea mkono kama mtu anayemkaribisha mwenzake aendelee.

Shuaib alimaliza. Shingo yake ilikuwa imelowa. Mlango ulifunguka kidogo zaidi, na bahasha moja nyeupe, yenye pembe zake zote, ikatolewa. Anwani ilikuwa ya Mukalla.

"Hii yako," Bi Ruqaiya alisema. "Mukalla sasa wewe u hai."

Akaitwaa. Akanyoosha na mkono wa pili kwa ajili ya zilizobaki. Kilichowekwa juu ya kiganja chake kilikuwa barua nyingine ya zamani, haina pembe.

"Moya kwa moya, usome ya zamani nikupe mpya. Zimebaki thelathini na tisa. Na mara hii paza sauti, mwanangu. Babangu alikuwa mzito wa masikio."

Roselyn alitazama saa. Ilikuwa saa nane na robo. Alivuta busati la kukalia alilopewa, akaketi, akafungua kijitabu ukurasa mpya.